Mradi mdogo wa programu ukae wapi: GitHub, Codeberg, Forgejo kwenye seva yako au git tupu, na websaiti yake iweje

Mwaka jana katibu wa kikoba kimoja cha Morogoro alinipigia simu saa mbili usiku, mama mtu mzima, nikamwamkia, akaitika "marahaba mwanangu, ile programu ya hesabu umenitumia linki, nimefungua, naona majina majina tu, mara Makefile, mara LICENSE, mara src, sasa yenyewe iko wapi?" Nikafungua linki ileile kwenye simu yangu nione anachokiona. Ilikuwa ya GitHub. Juu kabisa orodha ya mafolda, maelezo tuliyoandika yako chini, na faili lenyewe la kupakua liko ukurasa mwingine unaoitwa Releases ambao kwenye simu mpaka uushukie kuutafuta. Mama wa watu alikuwa ameshakaa nusu saa anabonyeza folda moja baada ya nyingine na bando linaisha.

Programu yenyewe ni ndogo, inarekodi hisa, mikopo, faini na mfuko wa jamii wa kikoba, tunaiandika watu watatu na repo nzima, yaani folda la mradi pamoja na historia yake, haifiki MB 40. Tangu simu ile nimepitia makazi manne kwa kazi halisi, GitHub, Codeberg, Forgejo kwenye seva ya kukodi, na git tupu juu ya ssh (git ni programu inayotunza historia ya mabadiliko ya mafaili, ssh ni njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali, na zile tatu za mwanzo ni websaiti zilizojengwa juu ya git), kwa hiyo ninayoandika hapa ni yale niliyoyaona kwa mikono yangu pamoja na mambo machache yanayojulikana wazi kwenye hii kazi.

Kitu ambacho kingenipunguzia safari ningekijua mapema ni kwamba maswali ni mawili na wengi tunayafunga pamoja. Kodi za programu (maandishi ya programu yenyewe, sio kodi ya nyumba) zikae wapi ni swali la nyie mnaoziandika. Mtumiaji aingilie mlango upi ni swali lingine kabisa na halina uhusiano na git hata kidogo. Kinachoyashika yote mawili ni jina la domeini tu. Domeini ikiwa yako, kodi unaweza kuzihamisha hata kila mwaka na mama wa Morogoro asijue kama kuna kitu kimehama, domeini isipokuwa yako basi kila linki uliyoigawa kwenye magrupu ya WhatsApp inakufa siku unayohama. Kwa hiyo kabla ya kuwaza seva nunua jina, iwe .co.tz, .or.tz, .co.ke au .org, na liandikishwe kwa jina lako na imeili yako mwenyewe. Kuna jamaa zangu jina lao liliandikishwa na fundi aliyewatengenezea websaiti, fundi akabadilisha namba, mwaka ukaisha, jina likaenda, wakaanza upya na jina lingine huku vipeperushi vyote vimeshachapwa.

GitHub

Tuseme ukweli, kwa mtu anayeanza GitHub bado ni rahisi kuliko zote. Haina gharama, repo za siri zimekuwa bure toka Januari 2019 na toka Aprili 2020 hazina kikomo cha watu, Actions (mashine zao za kujenga na kujaribu programu) ni bure kwa repo za wazi, na kila mtu anayejua git ana akaunti pale. Hilo la akaunti ni kubwa kuliko linavyosikika. Kijana wa chuo akikuta kosa kwenye programu yako anafungua isyu, yaani taarifa ya kosa, dakika hiyohiyo, ukimwambia ajisajili kwanza kwenye seva yako isiyojulikana wengi wanaishia hapo. Sisi tulipohama, isyu kutoka kwa watu wa nje zilipungua kwa kweli, sio kwamba makosa yalipungua, watu tu hawakutaka kufungua akaunti nyingine.

Tatizo lake ni kwamba umepanga, na mwenye nyumba ni mmoja. Microsoft waliinunua 2018 kwa dola bilioni 7.5 na wanaiendesha vizuri tu, lakini kufuli liko kwao. Julai 2019 watu wa Iran, Syria na Crimea walijikuta akaunti zao zimebanwa kwa sababu ya vikwazo vya Marekani, na hawakuwa wamefanya kosa lolote kwenye kodi zao. Oktoba 2020 youtube-dl iliondolewa kwa barua ya chama cha kampuni za muziki za Marekani, RIAA, ikarudishwa Novemba. Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu unahusu mradi mdogo kabisa wa mtu mmoja, ni XZ, programu ya kubana mafaili. Machi 29, 2024 ilipogundulika kuna mlango wa siri umepachikwa ndani ya XZ, GitHub walifunga repo nzima pamoja na akaunti ya Lasse Collin mwenyewe aliyeuanzisha mradi, na ukurasa wa xz.tukaani.org ambao ulikuwa umekaa kwenye GitHub Pages, huduma yao ya kuweka websaiti, ukapotea. Dunia nzima inauliza nini kimetokea na repo imefungwa. Lakini Collin alikuwa na tukaani.org nje ya GitHub, na git.tukaani.org ina nakala ya kodi zote, basi pale ndipo alipoweka maelezo na watu wakapata pa kusoma. Angekuwa hana hiyo domeini angebaki hana hata pa kusemea. Repo ilirudishwa baadaye Aprili.

Sisemi uikimbie. Nasema ukikaa pale kaa kama mpangaji anayejua funguo nyingine iko wapi.

Na kumbuka kodi sio kitu kinachokushika GitHub. Git yenyewe, toka Linus Torvalds aianze Aprili 2005, kila mtu aliyeklon (aliyevuta nakala) anayo historia nzima kwenye laptopu yake. Kinachobaki nyuma ukihama ni isyu, maoni, pul rikwesti (maombi ya kuingiza mabadiliko ya mtu mwingine) na faili za matoleo. Hivyo ndivyo vya kuwaza.

Codeberg

Hii ndiyo ningemwelekeza mtu ambaye hataki Microsoft na pia hataki kuamka usiku kuangalia seva. Inaendeshwa na chama kisicho cha biashara cha Berlin, Codeberg e.V., kilianza 2018, na programu inayoiendesha ni Forgejo, ileile ambayo unaweza kuiweka kwenye seva yako. Faida yake utaiona siku ukiamua kuhama kwenda kwako, sura ni ileile, batani zilezile, hujifunzi upya. Novemba 2025 lugha ya Zig ilihamisha repo yake kuu kutoka GitHub kuja hapa, kwa hiyo sio sehemu ya majaribio.

Masharti yake lakini yasome. Ni nyumba ya programu huria, kodi ziwe na leseni huria, kama unaandika mfumo wa siri wa mteja hapa sio pako. Inakula michango na watu wa kujitolea, kwa hiyo kuna siku inakuwa nzito, na mashine za kujengea programu hazigawiwi kwa ukarimu kama wa GitHub. Kwa programu yetu ya kikoba hayo yote hayakuwa shida, tulikaa miezi minne, tuliondoka kwa sababu moja tu ambayo naieleza kwenye Forgejo.

Forgejo kwenye seva yako

Hapa nitakaa sana maana ndipo wengi wanapoingia kwa hamasa na kutoka kwa hasira.

Kwanza ukoo, maana majina yanachanganya. Kulikuwa na Gogs toka 2014, imeandikwa kwa lugha ya Go, nyepesi sana. 2016 watu waliotaka maamuzi yawe ya wengi wakachomoa tawi wakaliita Gitea. 2022 ikaundwa kampuni ikashika jina na domeini ya Gitea, wachangiaji wengine hawakupendezwa, Desemba mwaka huohuo wakaanzisha Forgejo chini ya Codeberg, na 2024 zikatengana moja kwa moja. Kwa mtumiaji wa kawaida Gitea na Forgejo bado zinafanana kwa asilimia kubwa, zote zinafanya kazi, mimi nimechagua Forgejo kwa sababu naamini chama kuliko kampuni kwenye kitu ambacho nataka kidumu. GitLab nayo unaweza kuihosti mwenyewe ila kwa watu watatu usihangaike, inataka RAM nyingi, hiyo ni ya ofisi yenye timu.

Forgejo ni faili moja unaloliweka, unaliandikia huduma ya systemd ili lijiwashe lenyewe, database inaweza kuwa SQLite ambayo ni faili tu, mbele unaweka Caddy, seva ya websaiti ambayo inajichukulia cheti cha usalama cha Let's Encrypt yenyewe na kukihuisha. Seva ya RAM GB 1 ya dola 5 au 6 kwa mwezi inatosha na inabaki nafasi. Malipo siku hizi sio shida kama zamani, kadi ya Visa ya mtandaoni ndani ya M-Pesa inakubalika sehemu nyingi. Kusogeza mradi kutoka GitHub kuna ukurasa wake, unaweka linki na tokeni (nywila maalumu ya kuipa programu), unatiki isyu, lebo, pul rikwesti, matoleo, inavuta vyote. Ya kwetu ilichukua kama dakika sita na namba za isyu zilibaki zilezile, hilo lilinifurahisha kwa sababu kwenye komiti (kila badiliko linalohifadhiwa kwenye git na maelezo yake) tumeandika namba hizo kila mahali.

Sasa yale magumu. Wiki ya pili nikaacha usajili wazi, nikasema watu wakaribie. Baada ya siku nne kuna akaunti mpya zaidi ya mia mbili, hamna hata moja ya mtu, zote zimejaza sehemu ya wasifu linki za kuuza vitu. Nikafuta, nikaweka `DISABLE_REGISTRATION = true`, mtu akitaka akaunti ananiandikia namfungulia mwenyewe.

Hiyo ilikuwa ndogo. Mwezi wa tatu, Jumamosi asubuhi, mwenzangu anapushi (anapeleka mabadiliko yake kwenye seva) inakataa. Nikaingia kwenye seva, `df -h`, diski imejaa asilimia 100. Repo zetu zote hazifiki hata MB 200, diski ni GB 40. Nikapita folda kwa folda na `du -sh *` mpaka nikafika kwenye `repo-archive`, GB 31. Kilichotokea ni hiki, kwenye kila komiti Forgejo inaweka batani ya kupakua zip na tar.gz, mtu akibonyeza inatengeneza faili na kulitunza, sasa maroboti yanayokusanya data za kufundishia AI yalikuwa yanabonyeza kila batani ya kila komiti, komiti zetu ni zaidi ya elfu mbili, ukizidisha kwa aina mbili za faili unaona yenyewe hesabu inakwenda wapi. Robots.txt, faili la kuyaambia maroboti yasiingie wapi, nilikuwa nimeiweka, hayakuiangalia. Kwenye logi maombi yalikuwa yanatoka anwani tofauti kila moja kwa hiyo kuzuia IP ni kazi bure.

Na sio sisi tu. Websaiti ya git ina kurasa zisizoisha kwa asili yake, kila faili mara kila komiti mara historia mara tofauti kati ya hii na ile, kwa mtu ni msaada, kwa roboti ni shimo lisilo na mwisho. Mwanzoni mwa 2025 SourceHut na GNOME walilia kilio hichohicho na wengi wakaanza kuweka Anubis mbele, kiprogramu kinachoipa brauza hesabu ndogo ya kukokotoa kabla ya kuruhusu kupita. Mimi sikuiweka kwa sababu simu za bei ya chini zinachukua muda kwenye ile hesabu. Nilichofanya ni kuzima zile zip kwa `DISABLE_DOWNLOAD_SOURCE_ARCHIVES = true`, kisha nikafunga kurasa za kodi mtu asizione bila kuingia, `REQUIRE_SIGNIN_VIEW = true`, na nakala ya wazi kwa ajili ya kusomwa na umma nikaiacha Codeberg na GitHub. Forgejo ina kitu cha kupushi nakala yenyewe kila mkipushi, kiko kwenye mipangilio ya repo, unaweka linki na tokeni basi. Toka siku ile diski haijapita asilimia 20.

Sababu iliyotutoa Codeberg ni tarehe 12 Mei 2024. Wanaokaa huku wanakumbuka, nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini, Tanzania intaneti ikawa ya kubahatisha siku kadhaa. Sisi wakati huo tulikuwa GitHub, tukahamia Codeberg baadaye, lakini swali lilibaki kichwani kwamba zote mbili ziko ng'ambo ya bahari. Rafiki yangu alikuwa na seva kwenye kituo cha data cha hapahapa Dar, siku zile websaiti yake ilifunguka kama kawaida kwa walio ndani ya nchi kwa sababu mawasiliano ya mitandao ya hapa yanapishana TIX, kituo cha kuunganisha mitandao ya Tanzania, hayaendi kuzunguka Ulaya. Basi mzani ndio huo. Seva ya hapa, zile nilizoulizia bei, kwa RAM ileile ni ghali kuliko ya Ujerumani, lakini watumiaji wako wote wakiwa Tanzania utaona tofauti hata siku za kawaida, ukurasa unafunguka mapema. Kama watumiaji wako wametawanyika, Nairobi, Kampala, Muscat, Toronto, chukua ya Ulaya usihangaike.

Na siku zile za nyaya kazi yetu haikusimama kabisa. Tulikutana ana kwa ana, mmoja akaandika `git bundle create kikoba.bundle --all`, faili moja la MB 38 kwenye flashi, wengine wakavuta kutoka humo kama vile ni seva. Watu wengi wanaoitumia git miaka hawajui kama hicho kitu kipo.

Bakapu. Usihosti mwenyewe kama hutafanya hili. `forgejo dump` inakupa zip yenye kila kitu, iweke kwenye kron (ratiba ya kazi za seva) kila usiku na ipelekwe mashine nyingine, isibaki kwenye seva ileile. Halafu mara moja kila miezi mitatu ichukue ile zip uiweke kwenye laptopu uone kama inafufuka. Mimi mara ya kwanza nilipojaribu kufufua niligundua zip zote za wiki tatu ni za KB 0, kron ilikuwa inaendeshwa na mtumiaji asiye na ruhusa ya kusoma folda la data. Hakuna kilichopotea kwa sababu sikuwa na haja nayo siku hiyo, ila wiki tatu nilikuwa nalala bila bakapu.

Git tupu juu ya ssh

Hii watu wanaidharau na ni nzuri mno. Una seva yenye ssh? Andika `git init --bare kikoba.git`, mwenzako mwongezee funguo yake ya ssh, anaklon, anapushi, mmemaliza. Hakuna database, hakuna apdeti kila mwezi, hakuna ukurasa wa kuingilia wa kushambuliwa, RAM inayotumika mkiwa mmelala ni karibu na hamna. Mkitaka sura ya kuangalia kwenye brauza mnaongeza cgit, imeandikwa kwa C, nyepesi sana, ndiyo inayotumika git.kernel.org kuonyesha kodi za Linux, kwa hiyo mtu asikuambie haiwezi mzigo. Mkitaka nani aguse repo ipi kuna gitolite.

Inachokosa ni pa kuzungumzia. Hakuna isyu wala pul rikwesti, mtu wa nje anayetaka kuchangia lazima atume patchi (faili la mabadiliko yake) kwa imeili na vijana wengi wa sasa hiyo hawajawahi kuifanya. Kama mko wawili watatu mnaojuana na grupu lenu la WhatsApp lipo, hamtaona pengo. Mradi unaotaka wageni waje, utaona pengo wiki ya kwanza.

Sasa websaiti, ambayo ndiyo mama wa Morogoro aliyoihitaji

Tulianza na WordPress kwenye hosti ya bei nafuu yenye cPanel. Ilikuwa nzuri kwa macho, themu yenye picha kubwa tatu zinazopishana juu, na ukurasa wa mwanzo ukapima MB 4.6. Fungua hiyo kwa bando la mia tano ukiwa Kilosa halafu uniambie. Miezi mitano baadaye mtu akanitumia skrinshoti ya Google, chini ya jina la programu yetu kuna maandishi ya kasino. Plagini moja ya fomu ya mawasiliano ilikuwa haijaapdetiwa, wakaingilia hapo. WordPress ni kitu kizuri kwa mtu anayeandika kila siku na anayeingia kuapdeti kila wiki, gazeti, duka, taasisi yenye mtu wa kazi hiyo. Mradi wa programu una kurasa tano ambazo zinabadilika mkitoa toleo jipya, hauhitaji PHP wala database ikeshe macho kwa ajili ya hizo kurasa tano.

Hugo ndiyo tuliyohamia. Unaandika kurasa kwa Markdown, maandishi ya kawaida yenye alama chache, Hugo inazigeuza HTML, kinachokaa kwenye seva ni mafaili tu, hakuna cha kudukua kwenye ukurasa wenyewe, na malisho ya RSS inayatengeneza bila kuombwa. Jekyll ni ndugu yake mkubwa na ukiwa GitHub Pages inajengwa palepale bila kuweka chochote, ila kwenye laptopu kuiweka Ruby yake kuna siku inasumbua, Hugo ni faili moja. Na kama kurasa ni mbili au tatu tu, andika HTML kwa mkono, hakuna aibu yoyote, itafunguka hata baada ya miaka 20.

Namna ya kuipandisha ndiyo inanifurahisha mpaka leo. Repo ya websaiti hatukuiweka Forgejo, maana kwenye Forgejo zile hooks za seva (skripti zinazojiendesha zenyewe mtu akipushi) huwa zimefungwa kwa usalama, tumeiweka git tupu kwenye seva hiyohiyo, na ndani ya `hooks/post-receive` kuna mistari mitatu:

```
#!/bin/sh
git --work-tree=/srv/tovuti checkout -f main
hugo -s /srv/tovuti -d /var/www/kikoba
```

Ukishaipa ruhusa ya kuendeshwa kwa `chmod +x`, ukipushi tu websaiti inajengwa na kuonekana kabla hujafunga terminali. Hakuna Actions, hakuna tokeni, hakuna mtu wa kati.

GitHub Pages na Codeberg Pages nazo ni bure na zinakubali domeini yako, kwa hiyo kama hutaki seva kabisa websaiti weka huko, mipaka ya GitHub Pages ni saiti ya GB 1 na kama GB 100 za matumizi kwa mwezi, mradi mdogo hauifikii. Ila linki unazogawa ziwe za domeini yako, usigawe ile ya github.io.

Kilichobadilisha mambo kwa watumiaji lakini haikuwa Hugo wala seva. Ilikuwa mpangilio wa ukurasa wa kwanza. Tulikaa na yule mama katibu alipokuja Dar, nikampa simu yake mwenyewe, nikanyamaza nikaangalia kidole chake kinakwenda wapi. Sentensi ya kwanza ilikuwa inasema "mfumo huria wa usimamizi wa fedha za vikundi", akaisoma mara mbili kisha akaniuliza hii ni ya benki? Tukaibadilisha ikawa "Programu ya kuandika hisa, mikopo na faini za kikoba chako kwenye simu. Ni bure." Chini yake skrinshoti moja ya ukurasa wa hisa wenye majina na tarakimu kama daftari lenyewe linavyokuwa. Chini yake batani moja kubwa, Pakua, na imeandikwa ukubwa humohumo, MB 9, na tarehe ya toleo. Ule ukubwa ndio aliouliza kwanza kabla ya kubonyeza, maana anajua bando lake lina kiasi gani. Kabla ya hapo tulikuwa tumeandika namba ya toleo tu, 0.8.2, ambayo kwake haina maana yoyote.

Mengine tuliyoyaongeza: ukurasa wa nini kipya kwa Kiswahili cha kawaida, ukurasa wa maswali ambao tuliujaza kutoka kwenye meseji za WhatsApp tulizopokea bila kuyapamba, alama ya SHA256 kwa wale wanaotaka kuhakiki faili, na linki ya kodi kule chini kabisa kwa mwandishi wa programu mwenzetu anayeitafuta. Fonti za kupakua tumetoa, simu itumie za kwake. Picha zote WebP. Ukurasa wa kwanza sasa hivi ni KB 74.

Kwa hiyo uchague ipi

Uko peke yako, ndo unaanza, hujawahi kugusa seva: GitHub au Codeberg kulingana na moyo wako, Pages yake kwa websaiti, domeini yako juu. Kila Jumapili `git clone --mirror` kwenye diski ya nje. Hiyo inakupa usalama mwingi kwa gharama ya jina la domeini tu.

Mko wawili watatu mnaojuana na mna seva tayari kwa kazi nyingine: git tupu, na nakala ya wazi Codeberg ili wageni wawe na pa kufungulia isyu. Kama ningeanza leo na watu hawa ninao, ningeanza na hii na kuiruka Forgejo mwaka wa kwanza.

Mna kodi za mteja zisizotakiwa kutoka nje, au mnataka isyu na majadiliano yote yakae nyumbani, na kuna mtu mmoja kati yenu ambaye kweli kabisa ataangalia bakapu na apdeti: Forgejo, usajili umefungwa, zip zimezimwa, nakala inapushiwa nje. Huyo mtu mmoja kama hayupo msijipe moyo kwamba atapatikana.

Kuhusu isyu za watu wa nje, sisi tumeziacha wazi pande mbili, GitHub na Codeberg, na mwenzetu mmoja kila Jumatatu asubuhi anazipitia anaziandika upya Forgejo zile za kweli. Na zinazotoka kwa makatibu wa vikoba zinakuja WhatsApp kwa sauti, dakika mbili mbili, mwenzetu huyo anazisikiliza, mimi naziandika. Wiki iliyopita yule mama wa Morogoro alituma moja kwamba faini ya kuchelewa inahesabiwa mara mbili mwanachama akichelewa mikutano miwili mfululizo. Ni kweli, nimeiona kwenye kodi, marekebisho yanatoka Ijumaa.